Mbegu Tuliyokula

Gisubizo alianza kumpenda mjukuu wangu Myriam akiwa amebeba fito. Nilikuwepo, nimeinama katika shamba langu la maharage, na niliona kwa macho yangu. Yule kijana alikuwa anakata fito za mikaratusi ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha watu wanaosema Kinyarwanda, anazipakia juu ya chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kuisukuma mpaka soko la Kitshanga. Maharage yetu ni ya kupanda juu. Bila fito yanalala chini na kuoza, kwa hiyo wakati wa msimu mtu wa fito anapokelewa vizuri kila nyumba.

"Koko, hizi nimekuchagulia," aliniambia siku ile, akiniita bibi kama Myriam anavyoniita. "Hamuna hata moja yenye kupinda."

Myriam alisimama na jembe begani, akampima kwa macho tangu miguu mpaka kichwa. "Fito ni murefu kushinda mwenye kuiuzisha," alisema.

"Maharagi haiombake urefu wangu, dada. Inaomba mikono."

Basi akavua viatu, akaingia shambani na kusimamisha fito zote pamoja naye, mstari kwa mstari, ijapokuwa kazi ile haikuwa yake. Walichekana mpaka jua likawa kali. Nilimchomea muhindi akakataa kwa heshima, nikamfungia katika jani aende nao. Niliona kwamba njiani hakuula. Alimpa mzee kipofu anayekaa kwenye kivuko cha mto.

Myriam alikuwa na miaka kumi na minane, amebakiza mwaka mmoja wa shule. Mama yake alikufa akimzaa. Baba yake, mwanangu wa kwanza, aliuawa kwenye barabara ya Sake na watu wenye bunduki, na mpaka leo kila anayesimulia anataja lugha nyingine ambayo wauaji walikuwa wanasema. Nilimlea mimi. Gisubizo alimzidi mwaka mmoja. Walikuwa wanaimba katika korali moja ya parokia, na mwalimu wa korali alikuwa anawapigia kelele kwa sababu wanatazamana badala ya kumtazama yeye.

Kwetu kuna desturi ya mbegu. Kijana akitaka binti, mama yake anakuja asubuhi na kikapu kitupu, na hasemi amekuja kufanya nini. Ukimpikia maharage akala, akarudi na kikapu kitupu, umekataa kwa upole. Hakuna aibu, ameshiba. Lakini ukimtilia kikapuni mbegu ya nyumba yako, umekubali. Anakwenda kuipanda, na ikitoa maua, upande wa binti unakwenda kuitazama, na hapo ndipo mazungumzo ya mbuzi wa mahari yanaanza. Mbegu ile haipikwi. Nyumba iliyopika mbegu ya mchumba imesema yenyewe kwamba haimtaki.

Mama yake Gisubizo anaitwa Mukankusi. Desturi ile si ya watu wake. Wao wanatangulia na kibuyu cha pombe ya ndizi. Lakini alikuwa amewauliza majirani zangu namna sisi tunavyofanya, na asubuhi moja nikamwona kwenye mlango wangu na kikapu kitupu, amejifunga kitenge kizuri.

"Umeamukaje, Mama?" nilimwambia.

"Nimeamuka, Mama. Nimepita tu."

Nikaenda kwenye mtungi. Maharage yetu ni ya rangi ya jivu yenye madoa mekundu. Nilipewa na mama wa mume wangu nilipoolewa, naye alipewa na wake. Nikamtilia kikapuni. Mukankusi alishika mikono yangu miwili. Nyuma ya nyumba nikasikia Myriam anaangusha ndoo.

Mbegu ile haikupandwa. Kabla ya mvua, vita vilifika kwenye milima yetu, na watu wa vilima vyote viwili wakateremka kwa njia moja, na magodoro na mbuzi na watoto. Tulikuta nafasi katika kambi ya Kitshanga, kibanda changu cha turubai kikiwa karibu na cha Mukankusi. Alikuwa amekimbia bila sufuria, bila hata blanketi, lakini mbegu alikuwa ameifunga kwa kitambaa kiunoni. Alinionyesha. "Tutapata-ko kipande ya shamba," alisema.

Hatukupata. Gisubizo na Myriam walizunguka kwa wenye mashamba wakiomba hata pembe moja, lakini watu wa kambini walikuwa wengi kuliko ardhi. Kisha mimi nikashikwa na kuhara. Chakula cha msaada kilikuwa hakijafika na watu walikuwa wanachemsha majani. Nakumbuka kidogo sana. Nakumbuka Mukankusi ananiosha kama mtoto, na kunigeuza, na kuniosha tena. Nakumbuka kijiko, na Myriam ananiambia, "Meza, Koko, kidogo tu." Ulikuwa mchuzi mzito wa maharage yaliyopondwa, na siku baada ya siku ulinirudishia nguvu. Nilipoweza kusema, nilisema, "Haya yana ladha ya kwetu."

Myriam alijaza kijiko tena. Nilidhani hawakunisikia.

Nilipokuwa naweza kukaa nje juani, mwanangu mdogo Esdras alikuja kutoka Ntoto. Huko Walikale anauza mafuta ya mawese na sabuni. Si mtu mbaya. Aliniletea dawa, na kitambaa cha kujifunika, na alilia alipoona mikono yangu ilivyokonda. Lakini tangu walipomuua kaka yake, kuna mlango ndani yake aliofunga. Alisema atatuchukua sisi wawili twende Ntoto, na huko kuna mtu amemwomba Myriam, muuzaji mwenzake, jina lake Sylvain, mtu mzima mwenye nyumba ya mabati.

"Baba mudogo, niko na mutu tayari," Myriam alisema.

"Nilisikia. Mutoto ya ng'ambo ya muto." Esdras hakupaza sauti. "Baba yako alikufia wapi, Myriam?"

"Gisubizo hakuua baba."

"Sikusema njo yeye."

"Sasa unamukatalia nini?"

Esdras alinitazama mimi, na mimi nikasema kweli yangu: kwamba mama wa kijana alikuja na kikapu na nikatia mbegu. Esdras anaheshimu desturi. Baba yake alimfundisha hivyo. Mwishowe akasema, "Muite-ko huyo mama."

Mukankusi alikuja na Gisubizo, wakaketi juu ya jiwe mbele ya turubai.

"Mama," Esdras alisema, "mama yangu alikupatiaka mbegu. Minaweza kuiona? Kama haiyapandwa, si kitu, ni vita. Onyesha tu. Nikiiona, nitakaa chini, tutaongea."

Mukankusi alitazama mikono yake. "Tulikula," alisema.

"Namna gani?"

"Tulipika."

Esdras alishangaa, na niliona kama ameshusha mzigo. "Basi mulisema wenyewe," alisema polepole.

Nilimgeukia Mukankusi kumwuliza kwa nini, na kabla sijafungua kinywa nilimwona Myriam. Alikuwa anatazama chini, machozi yanadondoka juu ya miguu yake. Nikajua. Ile ladha ya kwetu. Kijiko kile, aliyekishika alikuwa yeye, na aliyeyaponda maharage alikuwa yeye, na kila nilipomeza alijua ninameza nini.

"Ni mimi niliyakula," nilisema. "Esdras, ni mimi. Wao hawakutia hata moja mdomoni."

"Koko ilikuwa inakufa, Papa Esdras," Gisubizo alisema. "Mama aliuliza Myriam, Myriam akasema tupike. Mimi njo niliwasha moto."

"Ungefanya nini weye?" Mukankusi alimwuliza mwanangu. "Mama yako analala pale, na mbegu iko kwenye kiuno yangu."

Esdras alifunika uso kwa mikono. Nilimwona amepata shida. Alipoondoa mikono alisema, "Asanti kwa kumuponesha mama yangu. Sitasahau. Lakini desturi haiulizake nani alikula. Wazee wetu hawakusema, ikipikwa kwa huruma haihesabiwe."

Sote tulijua kwamba sababu yake siyo maharage. Lakini alikuwa amepata ukuta wa kuegemea, na mtu aliyechoka akiegemea ukuta hauachi.

Gisubizo akasimama. "Kuko ingine kule kwa Koko, kwenye shamba. Ya musimu ya nyuma, ilijiotea chini ya fito. Nitaenda kuileta."

"Kule kuko basoda na bunduki," Mukankusi alisema.

"Najua."

"Ukiileta, nitakaa chini," Esdras alisema. "Nakuapia. Niko hapa mpaka nimalize kuuzisha mafuta yangu."

Myriam alimsindikiza mpaka mwisho wa vibanda. Niliwaona kwa mbali. Alimvua kofia yake ya sufu, akaipiga vumbi, akamvalisha tena, akaivuta mpaka masikioni kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akasema kitu, na Gisubizo akacheka. Baadaye nilimwuliza alisema nini. "Nilimwambia asichelewe, asifikiri kwa vile ni mufupi hawatamuona."

Tulingoja. Esdras alingoja pia, sitaki kumsingizia. Mafuta yaliisha, akabaki. Lakini risasi zilianza kusikika upande wa milima yetu, kisha upande mwingine, na mwenye pikipiki aliyemleta akaja akasema barabara ya Masisi inafungwa, anaondoka sasa, mwenye kubaki abaki. Esdras alitaka kuniweka katikati yao juu ya pikipiki. Nilijaribu. Goti langu halikukunjika, na tumbo lilikuwa bado bichi. Tungefika mlima wa kwanza wakanizika. Alisema atarudi kunichukua.

Myriam alinishika shingo. "Siendi, Koko."

"Enda," nilimwambia.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini. Nilikuwa nasikia risasi. Nimezika mwana mmoja wa barabarani, na nilitaka mtoto wake awe mahali pasipo na milio, hata kama mahali hapo pana mtu asiyempenda. Myriam akaingia kibandani akatoka na fundo lake. Alimwendea Mukankusi, akapiga magoti, akamsaidia kumalizia majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga, mpaka yakalainika. Ndipo akapanda pikipiki, nyuma ya baba yake mdogo.

Gisubizo alirudi baada ya pikipiki kwenda. Alikuwa amechubuka uso na kofia haipo. Alifungua ngumi mbele yangu: maharage machache, rangi ya jivu, madoa mekundu. Alitazama ndani ya kibanda, akatazama nyuma yangu. Mama yake akaweka maji motoni, akaanza kumwosha miguu.

"Ilikuwa mingi kuliko hii," aliniambia. "Nilikimbia, ingine ikaanguka. Ni yako, Koko."

Vita vilipita kando yetu mara ile. Niliyapanda maharage yale nyuma ya turubai, penye mfereji, na Gisubizo akatafuta fito akazisimamisha, zilizonyooka tu. Alikuwa anakuja kuyatazama kila asubuhi kabla ya kusukuma chukudu. Barabara ya Ntoto haikufunguliwa, na Esdras hakurudi. Siku moja motari mmoja, mwendesha pikipiki, aliyepitia njia za msituni aliniletea blanketi zito, akasema limetumwa na Sylvain. Ni blanketi zuri. Mtu huyo hanijui, na alifikiria baridi ya Kitshanga. Nililia juu ya wema ule, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumchukia.

Maua yalitoka meupe. Mukankusi alikuja akanishika mkono, akaniongoza kuzunguka kibanda changu mwenyewe, kama mgeni, niende kuyatazama. Nikayatazama.

Maganda yalipoanza kujaa, simu ya jirani ililia na ilikuwa Myriam. Kule Ntoto mtandao unapatikana juu ya mlima, akipatikana mtu wa kumpandisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Aliniuliza goti. Aliniuliza Mukankusi. Nikamwambia Gisubizo alileta mbegu, na imetoa maua, na tumekwenda kutazama.

Nilisikia upepo wa mlimani katika simu.

"Ni kijana mwenye kujua fito," alisema. Kisha, "Koko, niko na mimba."

"Eh, mama yangu."

"Sylvain ananitunza. Usilie. Koko, ile maharagi, iko imekomaa?"

"Inakaribia."

"Musiachie ikauke ikawa mbegu. Muipike. Yote. Umwambie ni mimi nimesema."

Nilimwambia Gisubizo jioni ileile, maneno yale yale, kwa sababu hakustahili kudanganywa. Kisha akaenda nyuma ya turubai, akachuma maganda yote na kuyaweka katika kikapu cha mama yake. Alizing'oa na fito. Zilikuwa zimekauka vizuri, akazivunja juu ya goti moja moja, na ndizo tulizotia chini ya sufuria.

Mukankusi alitia chumvi, akanipakulia mimi kwanza. Gisubizo alikula yake yote. Alipomaliza aliosha sahani yake, akachukua na yangu akaiosha, kisha akaenda kulala.