Taa ya Kati

Mwatumu alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo iendayo Pemba, na kaka yake Sele alikuwa fundi umeme humohumo. Ukutani, mkabala na jiko, zilikuwapo taa tatu ndogo ambazo Sele alimfundisha kuzitazama.

"Zikiwaka sawa, tumo salama. Moja ikififia, umeme umevujia kwenye chuma cha meli. Mashine zitaendelea kama kawaida, ndiyo ubaya wake. Siku hiyo mtu akigusa waya mwingine ulio wazi, kwisha. Niite hata niko chooni."

"Chooni siji," Mwatumu alijibu, wakacheka.

Asubuhi moja, meli ikiwa imetia nanga Tanga, Mwatumu alilimwagia jiko la umeme ndoo ya maji ya bahari. Fundi mkuu, Fanueli, alikwisha kumkataza, lakini mafuta ya samaki yaliganda na kitambaa hakikuyatoa. Alipoinua macho, taa ya kati ilikuwa imefifia, zile mbili zikizidi kung'aa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi uliopita alinyamaza, jiko likakauka, taa ikarudi. Safari hii pia aliona haya kwenda kusemwa mbele ya wanaume. Aliwasha jiko ili likauke upesi, akateleka chai.

Sele akapita na taa ya mkono, waya wake umezongwa plasta nyeusi pale ulipochunika.

"Bi mkubwa wa masufuria, chai tayari?"

"Unakwenda wapi?"

"Chini. Pampu imeziba, maji yamefika magotini."

Mwatumu alisogea, akaziba zile taa kwa mgongo wake. "Ngoja basi, kaka. Kunywa kwanza."

"Nitainywa nikirudi. Usinipunje sukari."

Alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi. Akalitazama jiko, bado lilikuwa likitoa mvuke pembeni. Dakika kumi tu, aliwaza. Dakika kumi.

Ukelele ulikuwa mfupi.

Walipompandisha hakuwa akipumua tena; maji yalimchuruzika nywelini, na mkono ulikuwa umeukunjia waya wa taa yake pale plasta ilipobanduka. Fanueli alikuja mbio kutazama zile taa za ukutani. Zote tatu ziliwaka sawasawa.

"Hakuna uvujaji hapa," alisema, akitikisa kichwa. "Ni waya wake mwenyewe. Fundi mzima, uzembe gani huu?"

Mwatumu aliitazama taa ya kati, ile iliyokuwa imefifia Sele alipokuwa akishuka.

Nyuma yake jiko lilikuwa kavu kabisa, na chai ya Sele ilikuwa imekauka, majani yakiungua sufuriani.