Ngano ya Nje ya Seng'enge

Amri ya jeshi ilikuwa fupi: kila mwenye shamba nje ya seng'enge ya mpaka wa India na Pakistani avune ndani ya siku mbili, kisha lango linafungwa. Ngano ilikuwa bado mbichi. Kijiji kizima cha Chak Bhaini kikakata hivyo hivyo, huku kikilaani, kikafungasha na kuhama. Aliyegoma ni Gurmej Kaur peke yake. Ekari zake mbili ndizo chakula chake cha mwaka mzima, na ngano ikikatwa mbichi hubaki makapi matupu.

"Shemeji, kata," alimsihi Jagtar, mdogo wa marehemu mumewe. "Safari hii watapigana kweli."

"Kwani yule amekata?"

Yule ni mzee wa Pakistani mwenye ndevu za hina, aliyelima upande wa pili wa nguzo ya mpaka. Kusemezana ni marufuku, ila kwa miaka ishirini Gurmej alikuwa amempeleleza kuliko jeshi zima. Alimjulia mbuzi wake, kikohozi chake, hata uvivu wake. Kwenye televisheni nchi mbili zilitunishiana misuli, kila moja ikijisifu kwa bomu la atomiki la kumfuta mwenzake, lakini Gurmej hakuziamini. Yule akikata mbichi, basi vita ipo.

Siku ya pili, lango likikaribia kufungwa, mzee alikuwa amesimama kando ya ngano yake, mundu mkononi, akimtazama yeye. Ala! Kumbe miaka yote hiyo naye alikuwa anapelelezwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, sawasawa na majenerali wao.

Gurmej akaogopa, tena sana. Halafu akaweka mundu chini, akaketi, akafungua chapati na achari, akala. Mzee akakuna ndevu zake. Naye akaketi.

Mizinga ilinguruma siku nne, kisha wakubwa wakakubaliana kunyamaza. Lango lilipofunguliwa baada ya wiki mbili, ngano ya Gurmej ilikuwa imekauka vizuri. Ya mzee pia, ila mwenyewe hayupo. Askari akamhimiza avune, mwisho ni saa kumi. Gurmej akasema anangoja. Jagtar akauliza kama zile ndevu zimemroga. Gurmej akazidi kukodolea macho ng'ambo ya nguzo. Asingemkalisha chini mzee siku ile, huenda angevuna akahama na wenzake.

Saa nane mzee akatokea, mkono umening'inizwa shingoni kwa bendeji, mkewe nyuma na mundu.

"Umechelewa, mvivu wewe!" Gurmej alimpigia kelele, marufuku na iwe marufuku.

Mzee akanyoosha mkono wake usioumia, akamwonyesha ngano ya Gurmej mwenyewe, ambayo haijaguswa hata bua moja. Gurmej akainama kukata, akicheka, machozi yakimtiririka.