Uzi wa Mchesi

Asubuhi ile maafisa walipokusanya wakimbizi wa Mchesi, mtaa wa mjini, kuwarudisha kambini Dzaleka, Gertrude alikuwa dukani kwake akishona gauni la ubatizo, mkono mmoja tayari, wa pili bado. Aliambiwa achukue mkoba tu. Akachukua mkoba, na bobini ya uzi wa nailoni, ule unaopitisha macho kama kioo, ikabaki kiganjani, ncha yake ikiwa bado kwenye tundu la sindano ya cherehani. Afisa akatia duka kufuli. Lori likaondoka. Uzi ukafunguka Kanengo, ukafunguka Lumbadzi, haukukatika mpaka Dzaleka, kwa sababu Gertrude hanunui uzi mbovu.

Kesho yake jua liliingia dukani Mchesi, likafuata uzi kona kwa kona, likachora duka zima kwenye ukuta wa nyumba ya Gertrude kambini: meza, cherehani, gauni la mkono mmoja. Majirani wakaja, wakatazama, wakarudi kwenye foleni ya maji. Foleni haingoji mtu.

Gertrude ndiye aliyelia. Cherehani ile ilikuwa imelisha watoto wake tangu watoke Bukavu.

"Shemeji, usilie," akasema Cirhuza, aliyewahi kufundisha fizikia. "Mwangaza inafuata uzi sababu haina fasi ya kutokea. Bazungu banaipitisha vile kwa njia nyembamba kushinda unywele, ndani ya chip ya kompyuta. Juu ya ile njia banalaza grafini, karatasi moja tu ya kaboni. Ukiipa umeme, inaacha mwangaza ipite. Ukiondoa umeme, inaimeza."

"Ile njo mlango, basi," Gertrude akasema, akifuta macho. "Na kufuli yake?"

"Haina."

Wakabandika utepe wa gundi kwenye risasi ya penseli, wakabandua, wakabandika tena utepe juu ya utepe, mpaka ukaonekana hauna kitu. Cirhuza akasema hapo ndipo grafini ilipo. Wakauviringisha kwenye uzi, wakaunga waya na betri ya redio.

Gertrude akawasha tochi nyuma ya uzi, akagusisha waya. Kule Mchesi kanyagio likashuka, sindano ikaenda. Akaondoa waya, ikasimama. Cherehani ilikuwa imemzoea. Kabla ya mchana lile gauni la ubatizo, la mtoto Igiraneza, lilitoka chini ya mlango wa duka likiwa na mikono miwili, na wateja wakaanza kuingiza vitambaa vyao hapohapo chini.

Afisa akafunga safari hadi Dzaleka. Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi mjini, akasema.

"Mi niko hapa, mulinileta benyewe," Gertrude akamjibu. "Mwangaza njo iko Mchesi. Muikamate."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: afisa alijaribu. Aliuliza kama mwanga una kibali. Akarudi Mchesi kuukata uzi, lakini mkasi wake ulikuwa butu, na mnoa mikasi wa Mchesi, mzee Yakubu, naye alikuwa ameshapakiwa kwenye lori. Akainama auvute kwa mikono. Suruali ya kazi ikapasuka nyuma, tangu mkanda hadi chini.

Haya! Jioni hiyo suruali ikaingia dukani chini ya mlango, imekunjwa vizuri kabisa.

Asubuhi Gertrude aliiona ukutani. Feza, jirani yake, akaiona pia.

"Mama, umushonee tu. Ni mutu ya serikali."

"Afungue duka, nitamushonea na hii mikono yangu."

"Na asipofungua?"

"Atembee vile."

Hakufungua. Siku hizi afisa anasimama akiwa amejifunga kitambaa kisichofika nyuma na kuegemea ukuta, na watu wa Mchesi wamezoea kumsalimia kwa mbele tu. Kufuli ipo. Gertrude yuko Dzaleka, na hakuna aliyemwambia atarudi lini. Kila asubuhi anawasha tochi na kushona nguo za wateja wake, moja baada ya nyingine. Akifika kwenye ile suruali, anaondoa waya.