Wadudu wa Mama Mkwe

Mama mkwe alilitazama koti la daktari, jeupe pe, akauliza kwa nini siku hizi madaktari wanavaa manjano. Kisha akatapika kwenye beseni.

Wifi hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Muulizeni huyu mfamasia. Ndiye anayempa dawa ya moyo kwa mkono wake."

Miaka kumi na moja nimeolewa kwao, na wifi hajawahi kunitaja kwa wema. Mimi nami simpendi, tusidanganyane.

"Dawa ya moyo imezidi kwenye damu, karibu mara mbili, ndiyo maana anaona manjano," daktari alisema. "Mapigo yameshuka hadi thelathini na nane. Nani kaongeza dozi?"

"Hakuna." Nikamfungulia kijisanduku cha vidonge, kila siku na chumba chake. Hakikupungua hata kidonge kimoja cha ziada.

"Na figo zinazoitoa dawa hii mwilini ni nzima. Kuna dawa nyingine anameza?"

"Hakuna," nikajibu tena.

Wifi alinyamaza. Huyu hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni.

"Wifi, umempa nini mama?"

"Usinipandishie sauti!"

"Nimekuuliza, umempa nini?"

Akapekua mkoba, akatupa kitandani karatasi ya vidonge vya antibiotiki. Ilikuwa imebaki na viwili tu.

"Nimemsaidia. Si wewe uliyesema mama ana wadudu tumboni wanaomlia dawa? Ulisema mezani, mbele ya wageni, ukijitia msomi. Basi nimewaua."

Nikakumbuka, na uso ukaniwaka. Siku ile wifi aliuliza kwa nini mama anameza dawa nyingi kuliko jirani mwenye ugonjwa uleule. Alinichosha. Nikamjibu kwa dharau kwamba mwili una vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa, ila mama yake ana pia wadudu wa tumboni wanaokula sehemu yao, na akitaka zaidi akasome. Wageni wakacheka. Nilifurahi walivyocheka.

Sikusema kwamba hao ni bakteria wa kawaida, wala kwamba dozi ya mama ilipandishwa kwa kuhesabu wanachokula. Wakifa wao, dawa yote inaingia kwenye damu. Niliona kumweleza wifi ni kupoteza mate.

"Ulimwambia wadudu?" daktari akaniuliza, taratibu.

"Ndiyo."

"Mtu akisikia wadudu atafanya nini?"

Mashine ya mapigo ikasoma thelathini na nne, ikaanza kulia. Wauguzi wakafungua breki za kitanda wampeleke chumba cha wagonjwa mahututi. Nikashika ubavu wa kitanda niende nao.

"Toa mkono wako kwa mama yangu," wifi alisema.

Kwa miaka kumi na moja amenisingizia mengi, na kila mara nimemjibu. Safari hii nikautoa.