Somo Dogo la Mdomo

Nyumbani kwao alikuwa na jina ambalo halikuwahi kutamkwa hata siku moja. Kaka yake alilitoa kwa mkono: vidole viwili viligonga midomo, basi. Mdomo. Jina lilimkaa, maana tangu alipojua kusema alikuwa akisema ya watu wawili, yake na ya kaka yake, ambaye homa ya utotoni iliondoka na masikio yake yote mawili ikamwachia macho ya kuona hata unachokificha.

Kaka ndiye aliyewapa wote majina ya mkono. Mama alikuwa Sindano, kwa kuwa hatoki nje bila sindano na uzi kwenye ukosi wa gauni. Mjomba wao, mwenye karakana ya useremala alikofanya kazi Kaka, alikuwa Kitambi. Mjomba alilijua jina hilo na alilipenda. "Nyie mnaona tumbo," alisema akilipapasa, "wateja wanaona fundi aliyefanikiwa."

Lugha hiyo waliitunga wenyewe wawili, wangali wadogo, chini ya meza ya kupigia randa, na nje ya familia hakuna aliyeijua. Mama aliokota maneno ya chakula na ya kukemea. Mjomba aliokota ya kazi, na mengine aliyapigia kelele tu, kana kwamba kiziwi ni mtu aliye ng'ambo ya mto. Yaliyobaki yote yalipitia kwa Mdomo. Ndiyo maana Kaka hakupelekwa shule ya viziwi. "Dada yake si anamwelewa?" watu walisema. "Ya nini kumhangaisha mtoto?"

Sasa Mdomo alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisoma saikolojia, na wiki hiyo walitakiwa kuchagua somo dogo la kwenda sambamba na lile kuu. Mwisho ilikuwa Ijumaa. Nyumbani kwao shauri hilo lilikatwa kabla yeye hajavuta kiti.

"Si kuna lugha ya alama hapo chuoni?" Mama alisema. "Mungu akupe nini tena, mwanangu? Utamsemea kaka yako mpaka hospitali, mpaka mahakamani."

"Wewe daktari wa vichwa," Mjomba akadakia, mdomo umejaa, "ukachukue somo jingine? Utibu vichwa vya watu baki, cha nduguyo akisikilize nani?"

"Ndiyo, Mjomba," akasema, akainamia sahani yake.

Hakuthubutu kuwaambia kwamba alitaka takwimu.

Muhula uliopita takwimu lilikuwa somo la lazima, na wenzake walilipita wakitokwa jasho kama wanaovuka mto kwa kamba. Yeye alitulia. Alipenda namna majibu ya watu wengi, kila mmoja na lake moyoni, yanavyojipanga yenyewe yakawa mchoro wenye umbo la kilima. Aliwaza kwamba siku moja angeweza kupima kama maneno wanayopewa wenye huzuni yanawatibu kweli au yanawapoza tu. Saikolojia na takwimu, kwake, zilikaa pamoja kama patasi na nyundo. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo aliificha hata nafsi yake: katika darasa lile alikuwa mtu mmoja. Namba hazikumwomba azisemee. Kipindi kizima kilikwisha bila yeye kumkumbuka Kaka, na kila alipotoka aliikuta hatia imemkalia mlangoni, mwaminifu kama mbwa wa nyumbani.

Wiki ile wanafunzi waliruhusiwa kuonja somo kabla ya kulichagua. Jumatano akamchukua Kaka wakaenda darasa la lugha ya alama. Alijiambia anakwenda kuamua. Kusema kweli, alikuwa anakwenda kutubu.

Mwalimu alikuwa kiziwi mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye mikono isiyo na haraka, na aliyotaka kuwaambia wageni aliyaandika ubaoni. Alipomwona Kaka akizungumza na dada yake kwa mikono, uso ukamchanua, akamsalimu kwa alama. Alipoona Kaka hakuelewa, akachukua chaki: UNAFANYA KAZI GANI?

Kaka alikuwa bado anasoma, midomo ikifuata moja moja herufi alizofundishwa na dada yake. Mdomo akajibu: "Seremala."

Mwalimu akayafuata macho ya wanafunzi mpaka kwenye midomo yake. Akatabasamu, akaandika tena: UNAISHI NA NANI?

"Na mama yetu, na mimi," Mdomo akasema, mikono ikieleza papo hapo.

Mwalimu akaweka chaki chini. Akaja, akaishika mikono ya Mdomo taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga, akaiweka juu ya dawati na kuigonga kidogo: ikae hapo. Darasa likacheka, si kwa ubaya. Mdomo akahisi uso unawaka. Alikuwa amefanya nini? Alikuwa amefanya kile alichokifanya kila siku ya maisha yake.

Kisha mwalimu akamwandikia Kaka: JINA LAKO LA ALAMA NI LIPI?

Kaka akasoma mpaka mwisho. Akamwonyesha dada yake, akagonga midomo. Akaonyesha Sindano. Akaonyesha Kitambi, mpaka mashavu akayajaza hewa. Akaonyesha Inzi, mteja mmoja wa karakanani asiyekoma kunung'unika. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye. Kisha mwalimu akakielekeza kidole kifuani mwa Kaka. Na wewe?

Kaka akageuka kumtazama dada yake, akingoja neno lake liletwe, kama siku zote.

Mdomo akatafuta. Mama alimwita Kaka kwa kukanyaga sakafu kwa nguvu ili ahisi mtikisiko. Mjomba alimtupia vipande vya mbao. Yeye alimgusa bega. Basi akajigusa bega mwenyewe, kwa aibu. Mwalimu akatikisa kichwa na kuandika: HUKO NI KUMWITA. JINA JE?

Jina hakuwa nalo. Kaka aliyempa kila mtu jina, mpaka Inzi, hakuna aliyekumbuka kumpa yeye.

Njiani kurudi Kaka alitangulia, mikono ikirudiarudia alama alizozipata, akitabasamu peke yake mithili ya mtu aliyeokota kitu. Mdomo aliburuta miguu nyuma yake. Maneno makubwa ya darasa la saikolojia, yale ya kueleza jinsi watu wanavyoumizana kwa kupendana, hayakumjia hata moja. Alichojua ni kwamba alijidhani mlango, kumbe alikuwa ukuta.

Kesho yake alimfuata karakanani. Mjomba alikuwa ametoka kununua gundi. Mdomo akamgusa Kaka bega, akaona haya kwa kumgusa hivyo, kisha akamwambia kwa mikono: nimeamua, nitasoma lugha ya alama.

"Kwa nini?" Kaka akauliza.

"Kwa sababu nimekukosea."

Kaka akaweka randa kando. Akaenda kwenye kona ya mabaki ya mbao, akarudi na kipande chembamba. Juu yake palikuwa na kilima cha takwimu, alichokuwa amekichora Mdomo kwa penseli ya fundi akijiandaa na mtihani. Kaka akapitisha kidole juu ya mgongo wa kilima. "Ukichora hiki," akasema kwa mikono, "unakuwa hivi." Akakodoa macho, akatoa ulimi pembeni kama mtoto anayefunga kamba za viatu. Mdomo akacheka bila kupenda.

"Ukisoma alama wewe," Kaka akaendelea, "Sindano atasoma?"

Mdomo akafikiri. "Hapana."

"Kitambi?"

"Kitambi atasema, Mdomo anajua, inatosha."

"Basi mimi nitakuwa na mdomo uleule. Sasa una cheti."

Akaeleza kwamba mwalimu alimwandikia kuhusu darasa la jamaa za viziwi, kila Jumamosi. "Nataka mje wote. Sindano na Kitambi wakae mbele. Wewe nyuma."

"Hukasiriki?"

Kaka hakumdanganya. "Nakasirika. Kidogo. Nitakasirika huku napiga randa." Akarudi kwenye ubao wake.

Ijumaa Mdomo alisimama kwenye dirisha la ofisi ya masomo. "Takwimu?" karani akamkazia macho. "Dada, wenzio somo hilo wanalikimbia." Mdomo akasema ana hakika.

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu zaidi. Mama alikuwa anatia uzi tunduni. Akalikosa tundu, akalikosa tena. "Kwa hiyo mwanangu atasemewa na nani?"

"Na wewe, Mama. Jumamosi tunaanza."

"Mimi? Na vidole hivi?" Akaichomeka sindano kwenye ukosi. "Haya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umeshauona mwepesi, umeutua."

Maneno hayo yalimchoma Mdomo usiku kucha, hasa kwa kuwa hakuweza kuapa kwamba ni uongo. Lakini Jumamosi Mama alivaa gauni lake zuri na akakaa mbele. Mjomba, akitaka kusema asante, alikosea vidole akasema kitu kilichowafanya viziwi wote wapige meza kwa kicheko. Alipoambiwa maana yake alikirudia mpaka jioni. Na kabla hawajaondoka, wenyeji walimpa Kaka jina: kidole kikipita juu ya sikio, pale anapochomeka penseli yake. Mama alilifanya mara nyingi, polepole, na mara ya mwisho akageuka ukutani akajifuta macho. Mdomo, nyuma, hakujua macho yake ayapeleke wapi.

Siku chache baadaye alikuwa karakanani na mazoezi yake ya takwimu, Inzi alipoingia.

"Binti, mwambie kaka yako ile stuli yangu aipunguze miguu."

Mikono ya Mdomo ikainuka yenyewe. Akaikalia. Kaka akamtazama kwa mazoea, akangoja. Kisha akachomoa penseli sikioni, akamsogezea Inzi pamoja na kipande cha ubao.

"He! Leo umekuwa bubu?"

"Hapana, mzee. Niko na hesabu zangu."

"Basi mwambie..."

"Mwambie mwenyewe, mzee. Anaitwa hivi." Akatoa mkono mmoja, akapitisha kidole juu ya sikio.

Inzi akanung'unika, akachora. Stuli yake ilifanana na mbuzi mgonjwa. Kaka akatikisa kichwa, akachora ya kwake. Inzi akafuta, akachora tena. Ilichukua muda ambao Mdomo angeumaliza kwa sentensi moja, na kila nukta ya muda huo ilimwuma kama yeye ndiye anayemnyima nduguye maji. Hakusimama. Alikitazama kilima chake kwenye daftari bila kukiona.

Ndipo Kaka akageuka kuchukua msumeno, na Inzi akakumbuka jambo. Alifungua kinywa apaze sauti, akakifunga. Akazunguka meza mpaka wakaonana uso kwa uso, akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kuchekwa, kisha akainua kidole chake kinene hadi juu ya sikio.