Kompyuta Ndani ya Friji

Kompyuta kuukuu ya fundi redio ilikuwa na visa: ikipata joto tu, inazimika bila hata kuaga. Kitambaa kibichi kilishindwa, feni nayo haikufua dafu. Leo fundi alitoa rafu zote za friji, akaliingiza boksi zima la kompyuta, nyaya akazipitisha kwenye mpira wa mlango. Akawasha. Kioo cha kompyuta kule mezani kikawaka, na hakikuzimika!

“Mama watoto! Njoo uone maajabu!”

Mkewe aliacha kufua akaja mbio, mikono imejaa povu. Akafungua friji, akaigusa kompyuta, baridi! Akapiga vigelegele. Kisha akagusa ubavu wa friji, akaruka.

“Baba watoto, sasa friji ndiyo inaungua!”

“Lete feni!”

“Na feni ikiungua?”

Fundi akalitupia jicho beseni la kufulia.

“Thubutu!” akasema mkewe.