Alama ya Ukucha

...alama kama ya ukucha uliobonyezwa kwenye sabuni, hapo juu ya pistoni ya tatu, na fundi ameinama, pua inakaribia kugusa chuma, spana bado mkononi, hedi ya injini, kile kifuniko chake cha juu, ameshaiweka juu ya benchi, akajifuta macho kwa kiwiko maana viganja ni oili tupu, akatazama tena, ipo, valvu imegonga hapa, imegonga, miaka kumi na tisa anaomba isiwepo... "Baba mdogo, umeshafungua?" huyo ni binti wa kaka yake, yuko nje ya mlango anapangusa gari, gari la mashindano la zamani, jekundu, jembamba, kaachiwa na marehemu baba yake na Jumapili analiingiza uwanjani, "niongezee nguvu kidogo tu, lisije likanitia aibu," maneno yale yale, Mungu wangu, kidogo tu mdogo wangu, alisema kaka, na yeye kijana, anajiona fundi wa mafundi, akaukwangua uso wa hedi milimita moja nzima ili injini ikabe hewa zaidi, iteme moto, na kabla ya kufunga kuna kazi ya nusu saa, unaweka kidonge cha udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, unafunga, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, unapima udongo uliobaki, ukiwa mwembamba ujue nafasi haitoshi, valvu itaigonga pistoni, kila fundi anajua, yeye alijua, udongo alikuwa nao mfukoni, akapiga mluzi akafunga bila kupima, kwa sababu kaka alishavaa helmeti, anacheka, "mdogo wangu, mkono wako una baraka"... baraka... kona ya pili injini ikakwama ghafla, magurudumu yakagoma, kaka hakutoka hai, na watu wakasema dereva alikuwa na pupa, mama akasema mwanangu alikuwa na pupa, akafa akisema hivyo hivyo, shemeji akaigeuza picha ya mumewe ikatazama ukuta, akisema katuacha kwa ajili ya sifa, na yeye akaitikia, kila msiba ulipotajwa akaitikia, ndiyo, kaka alikuwa na pupa, kisha akaifunika injini kwa turubai, isifunguliwe, ni ukumbusho, yeye huyo ndiye aliyesema ni ukumbusho, mshenzi mkubwa... msasa ule pale, dakika tatu tu, alama itafutika, valvu iliyopinda itaishia kwenye vyuma chakavu, nani atajua, mkono wa kushoto umeshauchukua bila kumuuliza, "unajua mama kaniambia nini?" binti anacheka, kitambaa kinasugua bodi, "eti niende polepole, pupa ya baba nimeirithi, na mimi naona kweli, nikishika usukani najiogopa," anajiogopa, mtoto anajiogopa kwa kosa ambalo si lake wala la baba yake, kapewa ugonjwa ambao hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuumwa... spana kulia, msasa kushoto, alama iko pale pale inamtazama, na binti hatamsamehe, wala shemeji hatamsamehe, atakuwa peke yake kwenye gereji hii mpaka azeeke, sawa, mama yeye hatasikia tena, hilo ndilo linalomkata maini, mama kaondoka na uongo wake...

"Baba mdogo? Umekuta nini huko?"

"Ingia," akasema, akautupa msasa chini ya benchi. "Vua glavu, nataka uguse kitu."